Soko la Tanga kwa mwaka wa jumuiya ndogo ya Kiyahudi: samaki na makuti daraja la kwanza, nyama na divai hakuna

Jumuiya ya Kiyahudi yenye watu 15 hivi inaweza kukaa miaka bila jengo lake. Sebule ya mmoja wao inatosha kwa sala. Visivyoweza kukosekana ni vitatu: watu wazima 10 wa kutimiza idadi ya sala ya jamaa (baadhi ya madhehebu huhesabu wanaume tu, mengine huhesabu wote), gombo la Torati la kusomwa wiki kwa wiki, na soko la kuulisha mwaka wao. Viwili vya kwanza watavijua wenyewe. Mapitio haya ni ya hicho cha tatu, kwa Tanga mjini: samaki wa soko la Deep Sea, mboga na nafaka za soko la Mgandini, maduka ya Ngamiani, mafundi wa makuti, na bahari yenyewe. Yanamhusu Myahudi anayekuja kukaa kwa kazi au kwa msimu, na yanamhusu zaidi mwenyeji wake: mwenye nyumba, mpishi, muuza samaki anayeulizwa maswali asiyoyazoea.

Hukumu kwanza. Kwa samaki, nazi, makuti, maziwa na mkaa, Tanga haina deni. Nafaka na vitu vya dukani ni vizuri ila vinataka macho. Nyama, divai na mkate wa Pasaka ya Kiyahudi usipoteze nauli kuvitafuta. Viagizwe mapema kutoka nje. Na makosa mengi yanayoharibu sikukuu hayatokani na bidhaa mbovu. Yanatokana na mnunuzi kutomweleza muuzaji sababu. Fundi akijua kwa nini unataka kibanda cha sikukuu chenye paa linalovuja, atakujengea paa linalovuja. Usipomwambia atakuonea huruma, aje aliezeke barabara lisipitishe tone.

Wiki ndiyo msingi wa yote, kwa hiyo tuanze na Sabato. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba siku huanza magharibi. Usiku wa Ijumaa kwa wazee wetu ni ule wa kuamkia Ijumaa. Sabato nayo huingia Ijumaa jua likichwa na hutoka Jumamosi nyota tatu zikionekana. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Hapa Tanga ina faida kubwa juu ya miji ya Ulaya, ambako saa ya kuwasha huruka kutoka alasiri ya baridi hadi usiku wa kiangazi. Jua letu huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:45 mwaka mzima. Mpishi akishika ratiba moja, kila kitu kiwe tayari saa 11:30 jioni, hatakosea wiki yoyote. Ununuzi ufanyike Alhamisi. Ijumaa maduka mengi hufungwa kwa swala ya Ijumaa, na yakifunguliwa tena muda uliobaki ni wa kukimbizana.

Samaki ndiye kitoweo cha jumuiya isiyo na mchinjaji wake, na hapo ndipo Tanga inapong'aa. Sheria ni mbili: awe na mapezi, na awe na magamba yanayobanduka bila kuchana ngozi. Changu, kolekole, chewa, mwatiko, vibua, jodari na nguru wote wanafaa. Papa, taa, mkunga, pweza, ngisi, kamba na kaa hawamo. Kikande humchanganya mgeni, maana ngozi yake ngumu inaonekana kama imevaa magamba. Jaribu kuyabandua uone, ngozi ndiyo inayochanika, basi naye hamo. Nduaro mwache. Jodari na nguru wana magamba madogo na machache, kwa hiyo hao wanunuliwe wazima. Kipande kilichokatwa tayari hakina cha kukithibitisha.

Tatizo la Deep Sea ni huduma nzuri kupita kiasi. Mpaa samaki ana mkono mwepesi: hujamaliza kulipa, samaki amekwishapaliwa, amechunwa na kukatwa vipande. Kwa mla kosheri, yaani chakula kilichoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi, samaki asiye na ngozi hatambuliki tena, na fedha imepotea. Sema kabla hajashika kisu: "Kaka, mpae, ila niachie kipande cha ngozi chenye magamba kila upande." Kisha kuna kisu chenyewe na ubao wake. Dakika tano zilizopita vilikuwa vikikata papa, na mafuta ya papa hayaondoki kwa kumwagiwa maji ya ndoo. Nenda na kisu chako na ubao wako. Hakuna mpaa samaki atakayekukatalia ukimweleza kwamba ni sharti la dini. Mji huu unajua sharti la dini ni nini. Kwa watu 15, nunua kilo 6 za samaki mzima. Kichwa, matumbo na miba vikitoka, hubaki kama kilo 3, yaani gramu 200 kwa kila mtu.

Dagaa wana kalenda yao. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa pevu boti nyingi hulala. Sasa Pasaka na Sikukuu ya Vibanda zote mbili huanza tarehe 15 ya mwezi mwandamo, na Purimu, sikukuu ya kupelekeana vyakula, ni tarehe 14. Anayetaka dagaa kwa sikukuu hizo anunue wakavu siku kumi kabla, asingoje wiki yenyewe. Dagaa wakavu wana kasoro moja: katika fungu hilo hilo huwamo uduvi na vijingisi vidogo. Wamwage juu ya sinia jeupe, kiganja kwa kiganja, uwachambue kama unavyochambua mchele. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato. Mayai ya kienyeji nayo yapasuliwe moja moja kwenye bakuli, kwa kuwa yana jogoo na tone la damu hutokea mara nyingi; yai lenye damu hutupwa.

Chakula cha moto cha Jumamosi mchana ndicho kinachowashinda wengi, maana Sabato hairuhusu kuwasha moto wala kupika. Dawa iko barazani kwa kila mtu: jiko la mkaa na majivu. Kufukia moto, jambo ambalo bibi zetu walilifanya kila usiku, ndilo hasa linalotakiwa na sheria ya Kiyahudi. Makaa yaliyofunikwa majivu ni ishara kwamba hakuna atakayeyachochea tena. Na chakula kinachofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni makande. Loweka Alhamisi usiku kilo 1 ya mahindi yaliyokobolewa na nusu kilo ya maharage. Ijumaa chemsha mpaka viive kabisa, tia kitunguu, chumvi na mafuta, kisha ongeza maji yasimame vidole vitatu juu ya makande. Mkaa uwake mpaka uwe mwekundu wote, ndipo uufunike majivu unene wa vidole viwili, ubandike sufuria na kufunika kwa kifuniko kizito. Yote haya kabla ya kuwasha mishumaa.

Yanayoharibika ni haya. Mkaa mwepesi huwa umekwisha saa sita usiku. Tafuta mkaa mgumu, ule unaolia kama chuma ukigonganishwa. Maji yakiwa machache makande huungua, na hakuna ruhusa ya kuongeza baadaye. Tui likitiwa mapema hukatika na kuacha mafuta juu, kwa hiyo makande ya Sabato yasiungwe kwa nazi. Wengine hulizungushia sufuria blanketi pande zote ili lishike joto. Likiwa juu ya makaa hilo halitakiwi. Na jiko libaki nje. Hewa ya mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa huua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu nyama sina mengi. Nyama ya halali haichukui nafasi ya ya kosheri, ingawa zote huanza kwa kukata koo. Mchinjaji wa Kiyahudi ni mtu aliyesomea, kisu chake hakiruhusiwi kuwa na pengo hata dogo, mapafu hukaguliwa, mshipa wa paja na aina fulani ya mafuta huondolewa. Tanga haina mtu huyo. Sinagogi la jirani liko Nairobi, kwa jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1904, na Arusha kuna jumuiya ndogo. Huko ndiko pa kuulizia kama nyama ni lazima. Ikija bila kutiwa chumvi, ilowekwe maji nusu saa, ipakwe chumvi saa nzima kwenye ubao ulioinama ili damu itiririke, kisha ioshwe mara tatu. Chumvi ya mashamba ya pwani yetu inafaa kuliko ya pakiti: laini sana huyeyuka kabla ya kunyonya damu, ya mabonge huanguka. Itwangwe kidogo tu. Tui la nazi si maziwa, hivyo kuku wa nazi anaruhusiwa, lakini kwa kuwa macho hudanganyika ni desturi njema kuweka kipande cha nazi mezani karibu na bakuli, ili mgeni asidhani nyama imechanganywa na maziwa.

Vyombo vipya vya chuma na vya kioo vikinunuliwa kwa asiye Myahudi huzamishwa kwanza katika maji yanayokubalika kisheria. Miji ya bara hulazimika kujengea birika maalumu. Tanga ina Bahari ya Hindi, ambayo inakubalika kabisa. Ondoa lebo na gundi yake yote kwa mafuta ya kupikia na majivu, kwa sababu chochote kinachozuia maji kugusa chombo hubatilisha. Kilegeze mkononi, kizame chote kwa mara moja. Vijiko na uma vitie ndani ya tenga lenye matundu makubwa. Vyungu vya udongo visivyong'arishwa havihitaji kuzamishwa, ila vinunuliwe vipya, maana chungu kilichokwisha kupikiwa hakitakasiki. Angalia maji: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa kama saa kumi alasiri na hupwa kama saa nne asubuhi. Ukienda Raskazone asubuhi ya bamvua na sufuria kichwani utatembea sana kabla ya kupata maji ya kina.

Bamvua hiyo hiyo huufaa Mwaka Mpya wa Kiyahudi. Sikukuu hiyo huangukia mwezi ukiandama, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na alasiri ya siku ya kwanza watu huenda kando ya maji yenye samaki kusoma sala ya kutupa dhambi baharini. Tanga bahari huwa imejaa saa ile ile wanayoihitaji. Sijui mji wa bara unaoweza kutoa hilo. Na kalenda yao ijulikane mapema. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, lakini sikukuu za Kiyahudi hubaki katika majira yake, kwa kuwa mwezi wa 13 huongezwa mara 7 katika kila miaka 19. Mwaka wao wa 5787, unaoanza jioni ya Septemba 11, 2026, ni wa miezi 13, na ndiyo sababu Pasaka ya 2027 itachelewa hadi jioni ya Aprili 21.

Mezani panatakiwa tufaha la kuchovya katika asali. Tufaha ni lile la dukani liletwalo kutoka nje; tofaa letu la pwani ni tunda jingine, ingawa kwa kuwa hii ni desturi tu, hakuna dhambi kulitumia. Asali mara nyingi huuzwa katika chupa zilizokwisha tumika kwa vinywaji vingine. Nenda na chupa yako, na onja, kwa sababu asali iliyozidishiwa sukari ipo. Komamanga hupatikana. Usiku wa pili huliwa tunda ambalo msimu huo halijaonjwa bado. Stafeli linafaa sana. Pembe inayopulizwa mara 100 ni ya kondoo dume. Ya ng'ombe hairuhusiwi, basi usimsumbue mchuna ngozi wa machinjioni akutafutie.

Siku ya Upatanisho, siku ya kumi ya mwaka, ni mfungo wa saa 25 bila chakula wala maji, magharibi hadi giza la siku ya pili. Viatu vya ngozi ni marufuku. Ndala za plastiki za Ngamiani zinatosha. Kwa joto letu, mtu anywe maji na madafu tangu asubuhi ya siku iliyotangulia, kidogo kidogo, na apunguze chai na kahawa siku tatu kabla ili kichwa kisimuume.

Kisha Sikukuu ya Vibanda, siku tano baadaye. Hapa mafundi wa makuti wa Tanga wanastahili alama zote, mradi waelezwe. Kibanda kinakaa nje chini ya mbingu tupu. Chini ya mwembe au mnazi hakihesabiki, hata kiwe kizuri namna gani, na viwanja vingi vya Tanga vina mti katikati. Tafuta mahali kwanza ndipo umwite fundi. Kwa watu 15 walioketi, mita 3 kwa 5 zinatosha. Nguzo ziwe za mianzi au mikaratusi. Boriti za mikoko zinataka kibali cha uvunaji, asiye na karatasi usinunue kwake.

Kuta hutangulia, paa hufuata. Kuta mbili kamili na sehemu ya tatu ndicho kiwango cha chini. Jenga tatu kamili. Makuti ya kumba ndiyo ukuta bora, yakifungwa juu, katikati na chini. Ukuta unaopeperuka kwa upepo wa kawaida si ukuta kisheria, na kwa upepo wa pwani khanga na maturubai yaliyoning'inizwa tu huanguka mtihani huo siku ya kwanza. Kama turubai ndilo lililopo, lifungwe kwa fito kila baada ya mita moja mpaka likaze kama ngoma.

Paa ndilo lenye elimu. Liwe la mmea, uliokatwa kutoka ardhini, usiokuwa chombo. Mkeka wa kulalia ni chombo, haufai. Makuti ya viungo yamesukwa kwa ajili ya kuezekea, yanafaa. Tofauti hiyo imeandikwa katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, tangu karibu mwaka 200, na fundi wa makuti huielewa kwa sentensi moja. Asichokielewa haraka ni nafasi. Mkono wake umezoea kubananisha viungo ili mvua isipite, ilhali hapa kivuli kizidi jua lakini nyota zionekane usiku na mvua kubwa ipite. Apange tabaka moja, aache upenyo wa vidole viwili kati ya kiungo na kiungo. Pengo lisifike sentimita 24 mahali popote. Makuti mabichi mazima ni rahisi zaidi na huhitaji 25 hadi 30 kwa ukubwa huo, lakini hunyauka. Siku ya nne vijani vimejikunja na jua limeshinda kivuli. Agiza theluthi moja ya ziada tangu mwanzo na uyatie siku za katikati.

Kuna jambo la kamba. Katani, ambayo Tanga ndiyo kwao, ni nyuzi zilizokwisha kutengenezwa, na wenye kushika sana hawataki paa lishikiliwe nayo. Makuti yalale kwa uzito wake juu ya fito za mti, na fito nyingine zilale juu yake. Ukutani, funga kwa katani upendavyo. Vuli ikiwahi, sheria ina huruma: mvua ikifikia kuharibu uji uliomo bakulini, watu huruhusiwa kuingia ndani ya nyumba. Fundi aagizwe kabla ya Siku ya Upatanisho, kwa sababu baada yake zimebaki siku nne, na moja kati ya hizo mara nyingine ni Sabato.

Mimea minne ya sikukuu hii Tanga haina. Kuti linalotakiwa ni la mtende, changa na lililofumba. La mnazi halifai, na mkindu ni ndugu wa mtende, si mtende. Limau si etrogi, tunda la jamii ya malimau linalotakiwa. Seti huagizwa, na mimea inayoingia nchini huhitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa hiyo mchakato uanze Julai. Seti moja inatosha jumuiya nzima. Siku ya kwanza kila mtu lazima aimiliki, na njia iliyokubaliwa ni kupeana zawadi kwa sharti la kurudisha.

Hanuka, sikukuu ya taa, huja Novemba au Desemba, siku nane. Mishumaa ni 44: mmoja usiku wa kwanza hadi minane usiku wa nane ni 36, na mmoja wa kuwashia kila usiku. Iwake angalau nusu saa baada ya nyota kuonekana. Mafuta ya nazi katika vikombe vidogo vya kioo hufanya kazi vizuri, na kwa joto la Desemba hayagandi. Adui ni kaskazi. Upepo ukishaanza, moto wa dirishani hauishi dakika tano. Mpe fundi bati kazi ya kandili ya kioo yenye mlango pembeni, urefu wa sentimita 40, na matundu ya hewa chini na juu. Asipotoboa matundu ya chini mishumaa hufa kwa kukosa hewa. Sikukuu hii hutaka chakula cha kukaanga, na kalimati ni jibu kamili. Uliza tu zimekaangwa katika mafuta gani, au kaanga mwenyewe.

Purimu ni nyepesi kwa Tanga, mji uliozoea sinia la futari kwenda kwa jirani. Kila mtu hupeleka kwa rafiki mmoja walau vyakula viwili vilivyo tayari kuliwa, na hutoa sadaka kwa maskini wawili. Visheti, kashata na halua vinafaa. Halua iulizwe kama ina samli.

Pasaka ndiyo mtihani. Huangukia Machi au Aprili, masika yakianza, na hapo ndipo sala ya kutaja mvua hukoma, kwa sababu hufuata majira ya nchi ya Israeli. Siku nane nyumba haina chachu: ngano, shayiri na nafaka za jamii hiyo zikiguswa na maji. Wenye asili ya Ulaya ya Mashariki huacha pia mahindi, mchele, mtama na maharage. Wenye asili ya Hispania na Mashariki wengi hula mchele baada ya kuuchambua mara tatu. Mpishi aulize mapema ni wa upande gani, kwa maana jikoni ni miji miwili tofauti. Muhogo mbichi wa Mgandini, magimbi, viazi, ndizi za kupika, korosho na nazi hubeba siku zote nane bila shida. Saladi zinazoshuka kutoka Lushoto ndizo majani machungu yanayofaa. Zilowekwe maji ya chumvi na kila jani likaguliwe mwangani, wadudu wadogo hung'ang'ania mshipa wa katikati. Tende zipo kwa wingi.

Matsa, mkate wa Pasaka usio na chachu, usijaribu kuioka. Kutoka unga kukutana na maji hadi mkate kuiva hairuhusiwi kuzidi dakika 18, maji yawe yamelala usiku mzima, na ngano iwe imelindwa isiguswe na maji. Unga wa ngano wa viwandani kwa kawaida hutoka katika ngano iliyoloweshwa kabla ya kusagwa. Mashine ya mtaani nayo imetoka kusaga mahindi yaliyokobolewa kwa maji. Agiza Januari, kilo 1 kwa mtu mzima, na ifungwe ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kwa sababu unyevu wa masika hulainisha matsa kwa siku mbili.

Divai: zabibu za Dodoma ni nzuri, lakini divai isiyotengenezwa na Wayahudi wenyewe haikubaliki kwa washika sheria. Kila mtu hunywa vikombe vinne vya mililita 86 kwa uchache, na usiku ni mbili, jumla karibu mililita 690. Chupa ya mililita 750 kwa mtu basi. Isipofika, kuna njia iliyotumiwa na Wayahudi wa Bene Israel wa India: sharubati ya zabibu kavu. Osha kilo 1 kwa maji ya uvuguvugu, kwani nyingi zimepakwa mafuta zisishikane. Loweka katika lita 2 za maji siku tatu, ponda, kamua kwa kitambaa safi. Funika kwa kitambaa na ukoroge kila siku, la sivyo utando hutanda juu na ladha huharibika.

Sikukuu ya Majuma, siku 50 baada ya Pasaka kuanza, ni ya vyakula vya maziwa, na mkoa huu ni wa ng'ombe wa maziwa. Jibini la dukani ni gumu kulithibitisha kwa sababu ya kigandishio kinachotoka tumboni mwa ndama. Tengeneza nyumbani: lita 4 za maziwa zichemke, zima moto, tia maji ya ndimu kijiko kwa kijiko mpaka maji yawe ya kijani hafifu, chuja kwa kitambaa, bana kwa jiwe saa mbili. Utapata zaidi ya nusu kilo. Wanaotaka maziwa yaliyokamuliwa Myahudi akiwa anaona wamwombe mfugaji mdogo wa jirani siku moja kabla, wafike saa kumi na moja alfajiri, na waje na ndoo yao wenyewe.